Mwalimu Aliyepeleka Dira Port Victoria

Habari za kifo chake nilizipata Jumanne asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya posta ya Busia nikisubiri wafungue. Dada yake mdogo, ambaye ana duka la vitambaa karibu na stendi, alivuka barabara akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope, akanipa mkono na hakuuachia. Nilijua kabla hajasema. Mtu mwenye habari njema hashiki mkono wa mwenzake kwa muda mrefu namna ile. "Mwalimu ametuacha," alisema hatimaye. "Jana mchana. Ni figo." Nilimuuliza kama alikuwa ameugua kwa muda mrefu, na dada yake akaniangalia kama mtu anayejiuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Alikuwa ameugua miezi mitano. Mimi naishi mwendo wa saa moja kutoka nyumbani kwake, na sikuwa nimeenda kumwona hata mara moja. Barua niliyokuwa nimeibeba sikumbuki kama niliituma.

Wasomaji wa safu hii mnajua sina desturi ya kutaja watu kwa majina, na leo sitaanza. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita sote, ingawa alikuwa ameacha kushika chaki kabla sijamfahamu. Alikuwa amefundisha jiografia kwa miaka mingi katika shule moja ya wasichana upande wa Butula. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa samaki; alivuka kwenda visiwani, akanunua, akarudi kuuza Port Victoria. Siku moja boti yao ilikutwa na mvua ya mchana katikati ya ziwa. Anayelijua ziwa letu anajua mvua hiyo: pazia linashuka, pwani inapotea, visiwa vinapotea, na hata jua likichungulia kidogo liko utosini na haliwezi kukuonyesha mashariki wala magharibi. Waliwasha injini kwa nguvu zote wakiamini wanaelekea nyumbani, kumbe walikuwa wanajiingiza ndani zaidi. Mafuta yakaisha. Mawimbi yakaipindua boti. Wavuvi wa upande wa Uganda waliwaokota wawili waliokuwa wameng'ang'ania ubao, na mmoja wa hao wawili ndiye aliyemweleza Mwalimu kwamba mumewe alikuwa akiwatia moyo hadi mwisho, akisema, "Tumekaribia, jamani, naona miti." Hapakuwa na miti upande ule. Mwalimu alinisimulia kisa hicho mara moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaongeza maneno ambayo sijayasahau: "Nilikuwa nafundisha watoto wa watu kaskazini ni wapi, na bwana wangu akafa hajui iko wapi."

Tulikutana Malaba, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, wakati nilipokuwa wakala wa forodha nikikimbizana na karatasi za malori kutwa. Alikuwa ametoka Kampala kwa lori la mahindi akiwa na katoni moja, na ndani ya katoni mlikuwa na dira, au kampasi kama wengi wanavyoziita, zilizowahi kutumika, kila moja imefungwa kwa gazeti. Afisa aliyekuwa akikagua mizigo uani aliinyanyua moja kwa vidole viwili kana kwamba ingemuuma. "Madam, hii ni kitu gani?" Mwalimu akamwambia ni kampasi, inaonyesha kaskazini. "Ya nini? Uko jeshi?" Akasema yeye ni mwalimu. "Sasa mwalimu anapeleka wapi kampasi zote hizi?" Akajibu neno moja tu: "Ziwani." Afisa akanigeukia, kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu. "Ajenti, huyu mama ni mtu yako?" Nikasema hapana, simjui. Mwalimu hakubishana na yeyote kati yetu. Alivua leso yake na kumwomba afisa ruhusa ya kumfunga macho, na sijui ni nini kilichomfanya yule bwana akubali, labda ni namna alivyoombwa, kama mwanafunzi anayeitwa mbele ya darasa. Akamzungusha mara tatu, akamuuliza, "Kwenu ni wapi, mkubwa?" Afisa akasema kwao ni Meru. "Nionyeshe Meru." Akanyoosha mkono bila wasiwasi wowote.

Alipofunguliwa macho, kidole chake kilikuwa kimeelekea mwamba wa Tororo, Uganda. Utingo wa malori waliangua kicheko, na mimi nilicheka nao. Mwalimu peke yake hakucheka. "Mkubwa," alimwambia, "wewe umesimama kwenye ardhi kavu, umezungushwa mara tatu tu. Watu wangu wanazungushwa na mawimbi kutwa nzima." Afisa alirudisha ile dira kwenye gazeti lake, akaikunja vizuri kuliko alivyoikuta, na kuniambia, "Msaidie mama na fomu." Nilimjazia fomu zote bila kuombwa mara ya pili, na tangu siku ile kila katoni yake iliyopita Malaba ilipitia mikononi mwangu.

Nisiwadanganye kwamba Port Victoria walimpokea kwa shangwe. Wenye boti walimwona kama mjane aliyechanganyikiwa na huzuni. Walikuwa na baba na babu waliojua ziwa kwa rangi ya maji na harufu ya upepo, sasa mwanamke kutoka Butula, ambaye hata kuogelea hakujua, anakuja kuwaambia watazame sindano inayotikisika kwenye kikopo? Wa kwanza kununua alikuwa nahodha mmoja mnene, mtu wa maneno machache, na nadhani alinunua kwa heshima ya marehemu tu. Wiki chache baadaye nilikuwa nimempelekea Mwalimu katoni ya pili pale mwaloni, maboti yanapoegesha, tukamwona nahodha yule akija kwa hatua kubwa. Aliiweka dira miguuni pa Mwalimu. "Mwalimu, hii kitu yako ni mwongo," alisema. "Imetupeleka mpaka karibu na Uganda. Na nilikuwa na akina mama sita kwa boti. Sita!" Watu wakakusanyika. Mwalimu aliiokota, akaifuta mchanga, akasema, "Nipeleke nione ulikuwa umeiweka wapi."

Tukaingia botini sote watatu. Nahodha alikuwa ameipigilia juu ya kifuniko cha sanduku la mbao, mahali pazuri palipoonekana vizuri. Mwalimu aliirudisha pale pale, akaitazama kidogo, kisha akauliza ndani ya sanduku mna nini. "Spana. Na mnyororo." Akamwomba avitoe sandukuni na kuvipeleka nchi kavu. Mnyororo ulipoinuliwa, sindano ilitetemeka, ikazunguka taratibu, ikatulia upande mwingine kabisa. "Wee!" alisema nahodha. Waliokuwa ufukweni wakacheka na kupiga makofi, kana kwamba wameona mazingaombwe. Nilipomgeukia Mwalimu nimpongeze, nilimkuta amekaa chini ndani ya boti, kwenye maji machafu, amefunika uso kwa mikono. "Sikumwambia," alisema. "Nimempa kitu cha kumwokoa na sikumwambia kinaharibiwa na chuma. Ningewaua wale akina mama sita."

Kuanzia siku hiyo hakumwachia mtu dira bila kuingia naye majini. Asubuhi nzima ilikuwa ikiishia kwenye boti moja. Aliwafanya waielekeze boti kwenye kilima wanachokijua, kisha kingine, huku akilinganisha. Aliwafanya wahamishe nanga, wahamishe visu, watoe funguo mifukoni. Akapaka rangi nyeupe mahali dira inapopaswa kukaa na kuwaapisha wasiihamishe. Manahodha walinung'unika kwamba anawapotezea siku ya kazi. Na muda wote huo mkono wake mmoja ulikuwa umeukamata ukingo wa boti mpaka vidole vinabadilika rangi, kwa sababu maji yaliyomla mumewe alikuwa akiyaogopa kuliko mtu yeyote pale. Mimi nimefanya kazi na watu wengi wanaopenda kusifiwa kwa ujasiri. Sijaona ujasiri kama wa mwanamke yule aliyekuwa akitetemeka na bado anasema, "Geuza tena, kapteni. Turudie."

Miaka ikaenda. Niliacha kazi ya forodha nikaajiriwa na kampuni moja ya kununua na kusindika samaki, nikisimamia usafiri. Ilikuwa miaka ambayo mbuta wetu, wale sangara wa ziwani, walikuwa wakipanda ndege kwenda Ulaya, na kila mtu mwenye mzigo wa maana alitaka kujua mzigo wake uko wapi. Mabwana wenye tai walianza kushuka kutoka Nairobi na mikoba ya vifaa. Katika hoteli moja ya Busia waliwaita wenye malori na wenye maboti makubwa, nami nikamwalika Mwalimu nikidhani atafurahi. Muuzaji alikuwa kijana mwerevu na mwenye adabu. Alituonyesha kifaa kisichozidi kiganja kinachopokea habari kutoka kwa setilaiti na kukuambia umesimama wapi duniani, na kingine chenye vidude vidogo ndani vinavyohisi chombo kinapogeuka, kinapoinama na kinapoongeza mwendo, hata kama nje ni giza au mvua. Akasema soko la vitu hivi linakua kila mwaka, kwamba vilianza kwenye ndege na meli za kivita na sasa vinashuka kwenye malori. Dereva mmoja mzee wa Malaba akanong'ona nyuma yangu, "Sasa boss atajua hata nikisimama kukojoa," na safu nzima ikacheka.

Mwalimu, mwanamke pekee mle ndani, aliinua mkono. Alisema amefurahi sana, kwamba hakujua angeishi kuona kitu kama hiki. Kisha akauliza, "Na mama anayebeba dagaa wa omena na wenzake kwa boti ya mbao, yeye atakipataje?" Yule kijana alifikiri kidogo; sitasema alikuwa mtu mbaya, kwani angeweza kumdanganya na hakumdanganya. "Mama, kusema ukweli, hao si soko letu kwa sasa." Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake. "Asante," alisema. "Umenijibu vizuri." Nimelitafakari jibu lile mara nyingi. Kifaa cha kumwonyesha mtu njia kilikuwa kimefika mpaka Busia, kimekaa mezani mbele yetu, kinawaka. Kilifika kwa sababu ya minofu ya samaki na matangi ya mafuta. Mzigo ulikuwa na mwenyewe wa kuulipia usipotee. Mama wa omena hakuwa mzigo wa mtu.

Tulipotoka nje aliniuliza, "Maboti ya kampuni yenu yakifungwa hivi vipya, kampasi za zamani mtazifanyia nini?" Nikamwambia ziko stoo tu, rafu nzima, na ufunguo ninao mimi. "Niombee, ndugu yangu. Nitazifunga mimi mwenyewe." Nikasema hilo ni jambo dogo, nitaongea na mkubwa wangu wiki ijayo. Mkubwa wangu alikuwa akikaa chumba cha pili kutoka changu. Wiki ijayo ikaja, nikawa na shughuli. Mwalimu aliniandikia barua fupi kunikumbusha, nikaiweka kwenye trei. Tukakutana barabarani akiwa amebebwa na boda boda, akamwomba mwenye baiskeli asimame, akashuka. "Umepata nafasi?" Nikasema bado, lakini usijali, Mwalimu, hiyo imekwisha. Nakumbuka vizuri kwamba nilisema imekwisha. Sikuwa na sababu yoyote. Sikuwa nimemkasirikia mkubwa wangu, wala sikuogopa kukataliwa. Nilikuwa tu mtu ambaye jambo la mwenzake linaweza kungoja.

Ijumaa moja boti ya mbao iliondoka Port Victoria asubuhi na akina mama waliokuwa wakipeleka mahindi na nguo visiwani. Mvua iliwakuta saa sita. Boti haikuwa na dira. Watu saba hawakurudi. Habari ilinifikia Jumamosi nikiwa nyumbani, na Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa mkubwa wangu kabla hajaketi. Nilimweleza kuhusu dira za stoo. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Chukua zote," alisema. "Si ungesema mapema? Zinanijazia stoo." Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Mazungumzo yote hayakufika dakika moja.

Nilizipakia kwenye pikapu nikaendesha mpaka Port Victoria. Nilimkuta Mwalimu ameketi mwaloni katikati ya ndugu wa waliopotea, ameshikilia daftari lake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini nilichoweza kusema ni, "Mwalimu, nimeleta." Alizitazama katoni zile. Nilingoja anitukane. Ningelipa chochote anitukane. "Asante, ndugu yangu," alisema. "Ziweke pale kwenye kivuli." Kisha akaninyooshea daftari. "Chifu anataka majina ya hawa saba na mkono wangu unatetemeka. Niandikie." Nikakaa kando yake kwenye mchanga, akawa anataja na mimi naandika. Alipofika jina la sita alinitajia herufi moja moja, polepole, ili nisikosee. "Huyo nilimfundisha mimi," alisema. "Alipenda sana kuchora ramani." Hapo kalamu ilinishinda, na yeye akanisubiri mpaka nikaweza kuendelea.

Hakuwahi kunilaumu, wala mimi sikuwahi kumwomba msamaha. Zile dira alizifunga zote, boti moja baada ya nyingine, msimu mzima. Mimi nilianza kumkwepa. Nikimwona stendi nilipita njia nyingine. Hata niliposikia juu juu kwamba ana tatizo la figo nilijiambia nitaenda akipata nafuu. Ndivyo miezi mitano inavyopita. Sasa mnajua nilikuwa wapi, swali ambalo dada yake aliniuliza kwa macho pale posta.

Tulimzika Jumamosi, nyumbani kwake Butula. Watu wa Port Victoria walikuja wengi, wengine kwenye pikapu, wengine nyuma ya baiskeli mwendo wote ule. Mama mmoja muuza omena aliomba kusema neno, akiwa amebeba mtoto mgongoni. "Mimi sijui kuongea mbele ya watu," alianza. "Lakini mvua ilitukuta katikati, mwaka jana. Kila mtu kwa boti alikuwa analia, huyu anasema twende huku, huyu anasema huku. Kapteni akaangalia ile kampasi, akasema, mimi naamini ya Mwalimu. Nilikuwa na mimba ya huyu." Akamgeuza mtoto ili tumwone, halafu akarudi kuketi. Baadaye, watu walipokuwa wakitawanyika, nahodha mmoja kijana ambaye sikumjua alinijia. Alikuwa amesikia kwamba niliwahi kufanya kazi na Mwalimu. "Mzee," alisema, "sasa nani atakuwa anatuangalilia hizi kampasi? Yangu naona kama imeanza kupotea." Nikafungua mdomo, na neno lililokuwa limekaa tayari kwenye ulimi wangu lilikuwa lile lile la siku zote: wiki ijayo.

Nimekaa na aibu hiyo tangu Jumamosi. Nilikuwa nadhani watu hufa kwa sababu vifaa havijafika kwetu, au ni ghali, au wakubwa hawajali, na yote hayo yana ukweli wake. Lakini wale saba hawakukosa kifaa. Kilikuwa kwenye rafu, nyuma ya mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu, na kilichokosekana ni mtu wa kuinuka kwenye kiti chake na kutembea hatua chache. Ukiombwa jambo ambalo liko ndani ya uwezo wako, ndugu msomaji, usimpe mwenzako ahadi. Inuka. Mwalimu alinisamehe bila kuniambia, na nimegundua kwamba msamaha wake hauwarudishi wale saba.